Swali la Mlangoni

Sisi ni mapacha wa Kirumba, upande wa mwaloni.
Yeye Kulwa, mimi Doto: majina yalitungoja
kabla mkunga hajanawa mikono.
Dakika kumi na moja zilitutenganisha.
Kumi na moja! Refa gani huyo
wa kuongeza muda mrefu hivyo?

Banda alilifungua Kulwa: mabati kumi na nane,
mabenchi, pazia la gunia, jenereta lenye kikohozi,
na chaki iliyokwisha kushika harufu ya dagaa.
Kiingilio mia tano. Lakini kabla ya kila mechi
alisimama mlangoni na swali moja;
wa kwanza kujibu anaingia bure,
na maswali yenyewe yote yalikuwa ya wa kwanza.

Mechi ya kwanza ya taifa kwa taifa?
Uskoti na Uingereza, mwaka sabini na mbili,
karne ya babu wa babu,
uwanja wa kriketi, Novemba, bila bila.
Nilicheka. Maelfu wamesimama kwenye baridi
wakarudi makwao kama karabai
iliyowaka usiku kucha bila dagaa wa kuonja,
na bado hesabu inaanzia kwao.

Bao la kwanza Kombe la Ulaya la vilabu?
Lisbon, hamsini na tano, mtu wa Sporting.
Makofi. Nami kutoka nyuma, mikono ina oili:
"Na la pili?"
Kulwa akanitazama kama mtu aliyeulizwa
jina la kivuli chake.
"Iliisha tatu-tatu. Tia petroli."

Usiku ule nilisoma peke yangu, kwa tochi ya simu.
Nikaikuta fainali ya kwanza, Paris, hamsini na sita:
Reims wametangulia mbili bila,
chai haijapoa,
wakalala nne kwa tatu mbele ya Madrid.
Nikawapenda Reims kama ndugu wa tumbo moja.
Nikakuta pia Kombe la Mataifa ya Ulaya, la kwanza, sitini:
Wasovieti juu, Yugoslavia chini yao.
Leo itafute ramani.
Aliyeshinda hayumo.
Aliyeshindwa hayumo.
Nikazima tochi, nikalala vizuri.

Kulwa ameenda Geita. "Dhahabu," alisema,
"ni ya anayefika kwanza."
Akaniachia banda, deni la petroli, na chaki.

Jumatano hii mvua ilipiga bati mpaka mtangazaji
akabaki midomo tu. Nikasimama mlangoni:
"Nani wa kwanza kupoteza fainali ya Ulaya?"
Kimya. Vijana wenye mikeka ya timu kumi na tano
walikuna vichwa, wakakuna simu, mtandao hakuna.

"Si wale wa Reims?"

Ni Ng'washi, muuza kachori,
miaka sita nje ya pazia, hajawahi kuketi ndani.
Hakuinua hata macho kutoka kwenye karai.
"Walianza vizuri, maskini.
Nduguyo aliwataja mara moja, akapita mbio."

Nikamfunulia pazia. Ingia, mama, ni haki yako.
"Nikiingia, kachori atageuza nani?
Wewe liache wazi tu."

Nikaliacha wazi.
Mwanga wa uwanja wa mbali ukamwagika
juu ya mafuta yanayochemka, juu ya matope,
juu ya watoto wawili wasio na mia tano
waliokuwa wanajifanya wanajikinga mvua.
Hasara? Ipo. Nitaiandika kesho.

Simu ikaita. Geita.
"Doto! Nani katangulia?"

Nikachungulia juu ya vichwa vya watu,
refa bado anafuta filimbi kwenye fulana.
Bila bila, nikamwambia.
Ndiyo kwanza tunaanza.